Chenso haikai sailensi, mara inazima mara inapanda yenyewe mpaka cheni inazunguka

mpasua_mbao:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana nimekwama na kazi ya watu. Nina chenso (msumeno wa injini) ya cc 72, siyo orijino, ni zile kopi za Mchina ila imenitumikia vizuri msimu mzima kule Njombe nikiangusha paini na mikaratusi. Wiki mbili zilizopita nimeshuka nayo Ifakara, kuna mzee ana kitalu chake cha mitiki ameniita nimvunie (kibali kipo, nasema mapema kabla hamjaanza). Toka nimefika huku chenso imekataa kukaa sailensi, yaani kuunguruma chinichini bila kushika resi.

Asubuhi inawaka vizuri tu, mvuto wa tatu au wa nne imeshika. Ikipata moto, baada ya dakika kumi hivi, ndo vituko vinaanza. Nikiachia resi haishuki hapohapo, inabaki juu kidogo ndo inashuka, halafu ikifika chini inapanda inashuka inapanda inashuka, pu, imezima. Kuwasha tena ikiwa ya moto ni kuvuta kamba mpaka bega linauma.

Nimeshaweka plagi mpya, filta ya hewa nimeosha kwa petroli nikaianika, kabureta nimeifungua nikapuliza matundu kwa pampu ya baiskeli. Fundi pikipiki mmoja hapa mtaani akaibana ile skrubu ya sailensi, kweli ikaacha kuzima lakini sasa cheni inazunguka hata sijagusa resi. Juzi nimeiweka chini nichukue kabari, ikatembea yenyewe kwenye majani nusura inile kiatu. Nikilegeza inazima, nikibana inakimbia. Katikati hakuna.

Mzee wa mitiki anakuja kila siku saa nne na kigoda chake anakaa ananiangalia. Nisaidieni.

bonge_tz:
Plagi hiyo mkuu. Plagi za dukani siku hizi feki nyingi, chukua orijino utanishukuru.

kabari_nyundo:
Uza hiyo kwa mtu wa chuma chakavu ununue chenso 😂😂 mitiki yenyewe hiyo migumu

mpasua_mbao:
@kabari_nyundo hela ya kununua nyingine iko ndani ya hiyo mitiki kaka, ndo naitafuta.
@bonge_tz nimejaribu plagi mbili, moja nimeitoa kwenye chenso ya jirani ambayo inafanya kazi, hali ileile.

FundiKamba:
Pole mkuu. Nimesoma mara mbili. Kwanza acha kuigusa hiyo skrubu ya sailensi, na usiendelee kukatia mti hiyo mashine kwa sasa, nitakwambia kwa nini.

Mashine ikipanda yenyewe na ikachelewa kushuka ukiachia resi, mara nyingi inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Watu wanaona mlio umechangamka wanafurahi wanasema leo ina nguvu, kumbe inaungua. Hizi injini hazina sampu ya oili, oili yake inakuja na petroli humohumo, kwa hiyo petroli ikipungua na oili imepungua. Pistoni inapata moto, inavimba, inakwaruza silinda. Ukija kustuka imenoki.

Sasa kwako naona mambo mawili yanaweza kuwa yamekutana. La kwanza hujalitaja kama tatizo ila umelisema mwenyewe. Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Ifakara haifiki hata mita 300. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo chenso ikitoka huku bondeni ikapanda huko inakuwa na petroli nyingi kuliko hewa, inatoa moshi, inazubaa, na fundi wa huko anabana L na H (skrubu za petroli kwenye kabureta, L ya mwendo wa chini, H ya mwendo wa juu) kidogo ili ikae sawa. Ukishuka nayo huku kwenye hewa nzito bila kuzilegeza, tayari uko na upungufu wa petroli kabla hata hakijaharibika kitu. Uliwahi kurekebishiwa kabureta ukiwa Njombe?

La pili, kuna mahali inaweza kuwa inavuta hewa pembeni, hewa ambayo haijapita kwenye kabureta. Hapo hata ukicheza na skrubu mpaka kesho huipati katikati, ndo hiyo unayosema katikati hakuna.

Nijibu haya. Toa hiyo plagi sasa hivi, rangi ya ncha yake ikoje? Ikiwa sailensi, legeza mfuniko wa tanki la petroli, mlio unabadilika? Ilaze upande wa klachi, kisha upande wa stata, inabadilika? Na unachanganya oili gani kwa kiasi gani?

MamaVitalu:
Mwanangu msikilize huyo fundi. Mimi nina chenso tatu zinafanya kazi Mufindi, vijana wangu wanaangusha na kupeleka magogo kwenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao. Mwaka juzi moja ilianza hivyohivyo, inapanda yenyewe. Vijana hawakuniambia, wakawa wanalegeza ile skrubu ya sailensi kila asubuhi, ikizima wanabana, ikikimbia wanalegeza, bisibisi ilikuwa inakaa kwenye mfuko wa shati kama kalamu ya mwalimu. Siku ya siku nikaitwa, mama imekataa kuvutika. Kamba haivutiki kabisa! Fundi kafungua ekzosi tu, hata hajafika mbali, akaniambia mama chungulia hapa. Pistoni upande wa ekzosi imekwaruzika juu mpaka chini utadhani mtu kaipitishia msasa. Kumbe ilikuwa sili ya kranki upande wa flaiweli, kiraba kidogo hivi cha kuzuia hewa isiingie kwenye injini, kimekauka. Nikanunua silinda na pistoni kwa ajili ya kitu ambacho hela yake ni ya chai ya vijana.

Toka siku hiyo bisibisi nakaa nayo mimi.

dogo_mashine:
Njia rahisi, iwashe, chukua sirinji ya petroli mwagia taratibu kwenye maungio ya kabureta na silinda. Mlio ukibadilika ujue hapo ndo pamepasuka. Nafanya hivyo kila siku kwenye pikipiki

FundiKamba:
@dogo_mashine usimwambie hivyo mdogo wangu. Kwenye chenso ekzosi iko sentimita chache tu kutoka hapo unapomwagia, na yeye kaishika mkononi. Ataungua uso. Kama anataka kujaribu mashine ikiwaka achukue chupa ya kupulizia, ile ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, aweke maji na sabuni kidogo. Maji yanaziba ufa kwa sekunde moja mbili, sailensi inatulia au inayumba, unapata jibu lako bila moto. Cheni na baa (ule upanga inapozungukia cheni) vitolewe kwanza.

dogo_mashine:
Sawa kaka nimeelewa, kwenye boda huwa pamepoa ndo maana

mpasua_mbao:
Nimerudi. Kwanza shkamoo MamaVitalu, asante.

Fundi majibu haya hapa. Kabureta kweli ilirekebishwa Njombe, nilipoinunua ilikuwa inatoa moshi sana, fundi akabana zote mbili. Sikujua kama kushuka huku kuna uhusiano.

Plagi ncha yake nyeupe kabisa, nilidhani ndo uzuri, kwamba ni safi.

Mfuniko wa tanki nimelegeza, hakuna mabadiliko. Nimeilaza pande zote mbili, hakuna mabadiliko. Ila kuna kitu nimekiona ambacho hukuuliza. Ikiwa chini imekaa kwenye gogo inapanda na kushuka lakini kidogo. Nikiishika kwa mshikio wa mbele nikaining'iniza, inapanda juu ghafla mpaka cheni inaanza kuzunguka. Nikiirudisha kwenye gogo inashuka. Nimerudia kama mara sita, mzee naye kaona, akasema mashine yako haipendi kubebwa.

Oili naweka kizibo kimoja kwa lita.

FundiKamba:
Kizibo cha nini ndugu yangu? Kuna kizibo cha soda, kuna kizibo cha dumu 😀 Pima kwa sirinji. Kama oili ni ya tustroki nzuri na kwenye chupa imeandikwa 1:50, ni mil 20 kwa lita moja. Kama ni ya kawaida ya tustroki ambayo huiamini, fanya 1:25, yaani mil 40 kwa lita. Na isiwe oili ya injini ya gari, na ile chafu iliyomwagwa kwenye gari ndo usiiguse kabisa, najua wapo wanaoweka.

Plagi nyeupe siyo usafi, hapo inakwambia ina joto na petroli ni kidogo. Inatakiwa iwe rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi na imelowa ndo petroli imezidi.

Sasa hicho ulichokiona mwenyewe ndo jibu, na mzee mpe soda. Tanki, mshikio wa nyuma na kabureta vimeungana pamoja na ule mshikio wa mbele, injini ni kitu kingine, imeshikwa kwa raba ili mtikisiko usikufikie mikononi. Kati ya kabureta na silinda kuna mpira mfupi mweusi wa kupitisha hewa na petroli. Raba moja ya kushikilia injini ikikatika, ukibeba chenso injini inaning'inia upande mmoja na huo mpira unavutika kama mtu anavua soksi. Kwa muda unapasuka, na unapasuka mahali huoni, chini, pale klampu inapobana. Ukiweka chini ufa unajifunga, ukinyanyua unafunguka. Ndo maana uliosha kabureta ukapuliza ukarudisha hakuna kilichobadilika, ulikuwa unatibu jirani.

Zima, iache ipoe. Shika mshikio wa mbele kwa mkono mmoja, baa kwa mkono mwingine, pindisha kama unakamua nguo. Raba nzima zinacheza kidogo na zinarudi. Iliyokatika utaona upande mmoja unaachana mpaka kidole kinaingia. Halafu toa filta, toa kabureta, ingiza kidole ndani ya mpira uuminye huku na huku ukimulika na tochi ya simu.

MamaVitalu:
Kabla hujaishika hiyo baa vaa glavu, cheni ya mitiki inakuwa imenolewa kweli.

kipepeo_wa_mbao:
Samahani naingilia, mi yangu haipandi wala haizimi, inaunguruma vizuri kabisa sailensi iko chini, ila cheni inazunguka tu. Ni ugonjwa huohuo?

FundiKamba:
@kipepeo_wa_mbao hapana, wewe nenda kwenye klachi. Toa kifuniko cha baa, toa drami (lile kopo la chuma linalozungusha cheni), utaona vispringi vinavyovuta vile vyuma vya klachi kwa ndani. Kimoja kitakuwa kimekatika au kimelegea, chuma kinafunguka kabla ya wakati na kushika drami. Badilisha vyote kwa pamoja, usibadilishe kimoja. Na ile nati ya klachi wengi wanajeruhi mashine hapo, inafunguka kinyume na nati za kawaida, kwa hiyo ukihisi imegoma usiongeze bomba kwenye spana, angalia kwanza unazungusha upande gani.

mpasua_mbao:
Wakuu.

Raba ya chini upande wa kulia imekatika kabisa, imebaki inagusana tu. Kwa nje unaona nzima maana vumbi na oili vimeifunika. Mpira wenyewe nimeutoa, juu mzima, laini, nikasema hapa fundi kakosea. Nikaukunja kwa chini, ukafunguka mdomo. Ufa kama kucha ya kidole kidogo, pale chini ya klampu, kingo zake zimeshakuwa laini kabisa, kumaanisha haukuanza jana. Yaani huu ufa nilikuwa nao Njombe.

Nimeuliza maduka ya spea hapa, raba wanazo, mpira hawana, mpaka uagizwe Dar uje na basi. Je naweza kuuziba na gundi ya mpira ile ya kuziba tyubu, au silikoni, nimalizie kazi kwanza? Imebaki miti kama ishirini hivi.

dogo_mashine:
Silikoni nyekundu ya gasketi inashika fresh tu mkuu, piga nje na ndani

FundiKamba:
Hapana. Petroli inaila silikoni, na ya ndani ikibanduka inaenda moja kwa moja kwenye silinda. Gundi ya tyubu petroli inaiyeyusha ndani ya siku hiyohiyo. Subiri mpira. Miti ishirini haina thamani ya silinda.

Ukisubiri fanya kazi moja ya maana. Kwa kuwa hujui imetembea na huo ufa muda gani, toa ekzosi, vuta kamba taratibu mpaka pistoni ionekane, mulika. Ukiona mistari ya kusimama ya kuumiza kucha ukipitisha, njoo tuongee tena. Ukiona inang'aa na alama nyepesi tu, umepona.

Na kwa kuwa umeshafungua, hakikisha sili za kranki pia. Mimi natumia mashine ya zamani ya kupimia presha, ile ya pampu ya mpira ya mkononi na saa yake, niliipata kwa nesi mmoja mstaafu kitambaa chake kimechanika. Unaziba tundu la ekzosi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ukarudishia ekzosi juu yake, unaziba mdomo wa mpira wa kabureta (ule mpya), plagi iwe ndani imebanwa. Kuna kampira kembamba kanakotoka kwenye krankikesi kupeleka mapigo kwenye kabureta, hapo ndo unachomeka pampu. Pandisha saa mpaka 250 hivi, acha. Ikisimama, safi. Ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye sili upande wa klachi na upande wa flaiweli, mapovu yatakuonyesha.

bonge_tz:
Fundi presha ya chenso ni 250 ya mwenyewe ni ngapi 😂

MamaVitalu:
Ya mwenye chenso ndo ya kupima hapo 😂

mpasua_mbao:
Siku tano zimepita, narudisha majibu kwa sababu huwa nakasirika mtu akisaidiwa halafu anapotea.

Pistoni ina mistari miwili myepesi upande wa ekzosi, kucha haishiki. Nimepona. Mpira umefika juzi usiku na basi, pamoja na raba nimebadilisha zote siyo moja, fundi pikipiki wa hapa tukasaidiana. Mashine ya presha hatukupata ila tukatumia pampu ya baiskeli na mdomo wa kupulizia mpira, maji ya sabuni, mapovu hakuna popote.

Halafu skrubu tukarudi mwanzo kama ulivyoniambia kwenye simu, L na H zote tukazibana taratibu mpaka zikaguse bila nguvu, kisha tukalegeza mzunguko mmoja mmoja. Tukaiwasha, ikaachwa ipate moto. L tukaitafuta mpaka ukishika resi inapanda hapohapo bila kukohoa. H mimi nilikuwa nataka niibane isikike kali, fundi akanizuia, akasema ikiwa hewani lazima ikorome kidogo, iingize kwenye gogo ndo usikilize. Kweli, ikaingia kwenye mtiki mkoromo ukapotea, mlio ukanyooka. Mwisho kabisa ndo tukagusa sailensi: bana mpaka cheni itake kuzunguka, rudisha robo mzunguko.

Sasa hivi naandika iko pembeni yangu imewashwa kwenye gogo, inaunguruma tu pop pop pop pop, cheni imelala. Nimeibeba, nimeining'iniza, nimeigeuza, haishtuki. Plagi baada ya tanki mbili imekuwa rangi ya biskuti.

Mzee kaja saa nne na kigoda chake, kasikiliza kama dakika moja, akasema sasa imekubali kubebwa.

FundiKamba:
Safi sana. Ukipanda tena Njombe itakutolea moshi na kuzubaa, usiogope, ni ile hewa. Bana L na H kidogokidogo, na ukishuka kumbuka kurudisha. Andika kwa maka peni ndani ya kifuniko cha filta umelegeza kiasi gani ukiwa Ifakara.

mpasua_mbao:
Nimeshaandika. Na bisibisi nimempa mzee anitunzie.

kipepeo_wa_mbao:
Springi mbili kati ya tatu zilikuwa zimekatika, moja sikuiona hata ilikoangukia. Ahsante fundi. Ila nati nilishaongeza bomba kabla sijasoma ujumbe wako…

FundiKamba:
Tuma picha.